Olympus Tough TG-6: kutoka mashamba ya mwani ya Pemba hadi barafu ya Kibo

Watu wa Unguja na Pemba wanaoniuliza kuhusu kamera ya kupanda nayo Kilimanjaro huanza na swali moja: je, haitaganda? Ni swali la haki. Lakini baada ya kuitumia kamera ndogo ya Olympus Tough TG-6 kwa misimu miwili ya kusi katika mashamba ya mwani ya Pemba, kisha nikaipandisha hadi kilele cha Uhuru mwezi wa Februari, nimeridhika kwamba kwa mtu wa visiwani baridi si hatari ya kwanza. Hatari ya kwanza ni hewa yetu ya nyumbani, ile hewa nzito yenye mvuke na chumvi, ambayo tunaifungia ndani ya kamera bila kuiona, tunapanda nayo mlimani, na siku ya kurudi inatusubiri mlangoni. Kamera hii ninaipima hapa kwa kipimo hicho: inavyostahimili maji ya pwani yetu, inavyostahimili baridi ya Kibo, na inavyovuka kutoka hali moja kwenda nyengine, kwani hapo katikati ndipo kamera nyingi zinapofia.

TG-6 ilitoka mwaka 2019. Mwezi wa Januari 2021 kitengo cha kamera cha Olympus kilihamia kampuni ya OM Digital Solutions, na mwaka 2023 ikatoka TG-7, ambayo kwa umbo na kwa ustahimilivu inafanana sana na mtangulizi wake, hivyo mengi nitakayoyasema yatamfaa hata anayeitazama hiyo mpya. Kwa ahadi ya kiwanda, kamera inazama hadi mita 15 bila kasha lolote, inahimili kuanguka kutoka kimo cha mita 2.1 na kukandamizwa kwa uzito wa kilo 100, na inafanya kazi katika baridi ya hadi nyuzi 10 chini ya sifuri. Uzito wake ni gramu 253 pamoja na betri na kadi. Sensa, yaani sehemu ya ndani inayopokea mwanga na kuugeuza picha, ni ya megapikseli 12, na lenzi inafunguka kupokea mwanga hadi f/2.0 kwa upande wake mpana, na zumu yake inalingana na milimita 25 hadi 100 kwa hesabu za kamera za filamu. Jambo ambalo wauzaji hulipita haraka, na ambalo mimi naliona kubwa kuliko tarakimu hizo zote, ni kwamba zumu yake inakwenda na kurudi ndani kwa ndani. Hakuna mdomo unaochomoza mbele. Mtu yeyote aliyewahi kupoteza kamera ya mfukoni kwa chembe tatu za mchanga wa Paje zilizonasa kwenye mdomo wa lenzi ataelewa kwa nini nalitaja jambo hili mapema.

Kabla ya hii nilikuwa nayo, na bado ninayo, kamera kubwa ya lenzi za kubadilisha, ambayo chapa yake sina haja ya kuitaja kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Kazi yangu kubwa ni kupiga picha upande wa kina mama katika harusi, na kumbi nyingi za siku hizi hapa mjini zina viyoyozi vinavyoteremsha joto hadi nyuzi 18 au 20. Nilikuwa nikitoka ukumbini na kamera mkononi kwenda kumpokea bibi harusi anaposhuka garini, na kila mara kioo cha lenzi kiligeuka cheupe ghafla; nikikipangusa, weupe unarudi kabla sijabonyeza. Sababu yake ni ile ile inayofanya gilasi ya maji baridi itoe jasho mezani. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 huanza kuacha maji mara inapogusa kitu chenye joto la chini ya nyuzi 26 hivi, na kamera iliyokaa ukumbini saa tatu iko chini ya hapo kwa mbali. Jasho lile halikuishia nje. Baada ya mwaka mmoja niliona ndani ya lenzi nyuzi nyembamba zilizotambaa kama utando wa buibui, nazo zilikuwa koga. Fundi aliifungua na kuisafisha, lakini koga ikarudi baada ya miezi michache, kwa sababu nyumbani lenzi ilikuwa ikilala ndani ya begi la kitambaa, chini ya kabati, gizani, katika unyevu ambao koga haihitaji zaidi ya huo ili iote. Nilipoanza kufanya kazi Pemba, mahali ambapo maji yenyewe yangekuwa kiwanja cha kazi, niliamua kutafuta kamera ambayo ingefungwa barabara tangu kiwandani.

Kazi ya Pemba ndiyo iliyonifundisha thamani yake, na hapa nitakaa kidogo. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na tangu siku hizo wakulima wake wengi ni wanawake. Aina ya cottonii, yenye bei nzuri zaidi kuliko spinosum, haivumilii maji yanapopata moto. Vitawi vyake hugeuka vyeupe kama barafu, hulegea, na hukatika vikachukuliwa na maji. Kikundi kimoja cha wakulima wa upande wa magharibi wa kisiwa kiliniomba nipige picha za mwani unaougua, kila bamvua, yaani siku za maji makubwa, ili wawe na ushahidi wa kuwaonesha wataalamu badala ya kuwasimulia kwa maneno. Mkulima anaingia shambani maji yanapokupwa na anatoka yanapojaa, na katikati ya hapo anasimama ndani ya maji ya magoti au ya kiuno, jua likimpiga juu na chumvi ikimrukia kutoka chini. Hakuna mahali pa kuweka begi. Siku ya kwanza niliitosa kamera majini mbele ya bibi mmoja mwenye kamba zake za mwani karibu na ukingo wa mwamba, naye akashtuka: "Mwanangu, mbona waitosa? Itakufa maji hiyo!" Nilimwambia, "Haifi, bibi, imetengenezwa hivyo," na nikaitoa inatiririka maji nikamwonesha kitawi chake kwenye skrini, kikubwa kuliko kiganja.

Kitawi kile kilionekana kikubwa kwa sababu TG-6 ina namna ya upigaji inayoitwa hadubini, ambapo kamera inaweza kulenga kitu kilicho sentimita 1 tu kutoka kwenye kioo cha lenzi. Mwani wenye afya una ngozi nyororo inayong'aa. Unaoanza kuugua una vidoadoa na vijinywele vya majani mengine yaliyoparamia juu yake, vitu ambavyo jicho la mtu aliyesimama halivioni. Kwa picha hizi kamera kubwa yenye lenzi ya gharama ingehitaji kasha la majini lenye bei ya kutisha, na bado nisingeweza kuisogeza karibu kiasi hicho katikati ya kamba mbili. Kama nisingekuwa na sababu nyengine yoyote ya kuipenda kamera hii, hii moja ingetosha.

Chumvi lakini haina urafiki na mtu. Kamera ina vifuniko viwili, cha betri na kadi upande wa chini, na cha sehemu ya waya wa chaji upande wa ubavu, na kila kimoja kina kitasa cha pili cha kukizuia kisifunguke kwa bahati mbaya. Ndani ya kila kifuniko kuna gasketi ya mpira. Unywele mmoja, chembe moja ya mchanga, au uzi mmoja wa leso ukilala juu ya gasketi hiyo, ahadi ya mita 15 imekwisha. Kwa hiyo sifungui vifuniko pwani kabisa. Naingia majini nikiwa na betri iliyojaa na kadi tupu, na nafungua tena nikiwa ndani ya nyumba, mikono mikavu, kamera imekauka, baada ya kuikagua gasketi kwenye mwanga. Baada ya kila safari ya baharini kamera inalala dakika 10 ndani ya ndoo ya maji matamu, huku nikivibonyezabonyeza vitufe ili chumvi iliyojificha chini yake itoke. Nasema maji matamu kwa kusisitiza, kwa kuwa visima vingi vya karibu na pwani vina maji ya chumvi kidogo, na kuisuuza kamera kwa maji hayo ni kama kuivua kanzu yenye vumbi ukaivika nyengine yenye vumbi. Mimi hutumia maji ya mvua tuliyoyakinga. Gasketi zenyewe hubadilishwa kila mwaka, hata zikionekana nzima, na anayeinunua kamera hii ikiwa imeshatumika lazima aanze na hilo kabla hajaishusha hata kwenye karai.

Kwa upepo wa kusi na rasharasha za mawimbi kwenye dau la kwenda kisiwa cha Misali sina la kulalamikia. Ilipigwa maji kutwa, ikapanguswa kwa kitambaa, ikaendelea na kazi. Msituni, hata hivyo, udogo wa sensa yake unajitokeza. Nilipokwenda Kidike jioni kuwapiga picha popo wa Pemba wanapoondoka mitini, mwanga ulipopungua picha zilijaa chengachenga, na milimita 100 hazikufika kwenye matawi ya juu. Kwa kazi ya machweo na ya mbali kamera hii haikuumbwa, na anayetaka picha za wanyama hao aende na kamera kubwa pamoja na stendi.

Safari ya Kilimanjaro ilipangwa na kundi letu la watu saba, wote wa visiwani, kwa njia ya Marangu. Nilijua kwamba kileleni, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, baridi ya alfajiri inaweza kushuka zaidi ya zile nyuzi 10 chini ya sifuri zilizoahidiwa na kiwanda, na kwa hilo nilijiandaa kama wanavyojiandaa wote. Kilichonishughulisha zaidi ni hesabu nyengine. Mita moja ya ujazo ya hewa yetu, ikiwa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, imebeba karibu gramu 24 za maji; hewa hiyo hiyo ikipozwa hadi sifuri haiwezi kubeba zaidi ya gramu 5. Ndani ya kamera hamna mita ya ujazo, mna vijiko vichache vya hewa, lakini kwa kamera iliyofungwa kabisa maji hayo machache hayana pa kutokea. Yatatua mahali penye ubaridi zaidi, na mahali hapo ni kioo cha mbele. TG-6 imewekewa vioo viwili mbele ya lenzi, na nafasi kati yake inapunguza ukungu huo, jambo ambalo ni la msaada mkubwa. Hata hivyo kinga hiyo haiwezi kuyafuta maji ambayo mwenye kamera ameyafungia mwenyewe.

Kwa hiyo usiku wa mwisho kabla ya safari niliifungua kamera vifuniko vyote viwili, nikatoa betri na kadi, nikaviweka vyote ndani ya bakuli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, lile la kuwekea chakula cha futari, pamoja na konzi mbili za vifuko vya silika jeli, zile chembe zinazonyonya unyevu. Vifuko hivyo nilivikusanya kutoka kwenye maboksi ya viatu na ya vyombo vya umeme, na kwa kuwa vilikuwa vimeshakunywa unyevu wa miaka, kwanza nilizitoa chembe zake nikazikausha ndani ya joko kwa moto mdogo. Wapo wanaotumia mchele, kama tunavyouchanganya na chumvi mezani ili isishikane. Nimeujaribu. Mchele unanyonya kidogo mno na unatoa vumbi la unga ambalo ndilo adui wa gasketi, kwa hiyo ubaki jikoni. Asubuhi nikaifunga kamera haraka mle mle chumbani, na sikuifungua tena hadi tulipofika kibanda cha Horombo, kiasi cha mita 3,720, ambako hewa ni kavu na kubadilisha betri kunaingiza ndani ya kamera hewa bora kuliko tuliyotoka nayo.

Kuhusu betri, ahadi ya kiwanda ni picha 340 hivi kwa chaji moja katika hali ya kawaida. Hali ya kawaida haiko Kibo. Betri za lithiamu hufanya kazi kwa chembe zenye umeme zinazosafiri ndani ya majimaji kutoka upande mmoja kwenda mwengine. Baridi inapoingia, mwendo huo unakuwa mzito, umeme unatoka kwa shida, na kamera inayosoma nguvu ya betri inaamini kwamba imekwisha. Chaji haijaisha, imelala. Betri hiyo ikirudishwa kwenye joto la mwili kwa nusu saa, sehemu kubwa ya chaji inaamka. Nilichukua betri tatu: moja ndani ya kamera na mbili kifuani, chini ya fulana, zimefungwa ndani ya kipande cha kikoi ili zisigusane na chochote cha chuma. Kiongozi wetu, kijana wa Marangu aliyepanda mara nyingi kuliko umri wake, aliponiona kwenye kibanda cha Kibo nikitaka kuziweka kwenye mfuko wa begi, alinikataza kwa upole: "Dada, huko zitakufa kabla ya saa nane. Ziweke mwilini." Pawabanki nayo ililala nami ndani ya mfuko wa kulalia. Jambo moja ambalo wapandaji wengi hawaelezwi ni kwamba betri ya lithiamu haifai kuchajiwa ikiwa baridi chini ya sifuri. Inaharibika ndani kwa ndani na hairudi. Ipashe kwanza, ndipo uiunganishe na waya.

Tuliondoka kibanda cha Kibo karibu na usiku wa manane. Kamera ilikuwa ndani ya koti, ikining'inia kifuani kwa kamba, juu ya sweta na chini ya ushungi, na humo ndimo ilimokaa muda wote isipokuwa nilipopiga picha. Kamera ina kipimajoto, dira na kipimo cha mgandamizo wa hewa, na vipimo hivyo vinaweza kuandikwa pamoja na picha. Lakini kipimajoto kilichotoka kifuani kinapima kifua, si mlima, kwa hiyo niliiacha nje kwa dakika kadhaa tulipopumzika Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, na ikaonesha nyuzi 9 chini ya sifuri, bado inapungua. Skrini ilikuwa imeanza kuwa nzito, picha ikinyanyuka na kufuata mkono kwa kuchelewa, kwa kuwa majimaji ya skrini yanazubaa kwenye baridi kama yanavyozubaa mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe. Picha zenyewe hazikuathirika. Lenzi ililenga bila kusita, na sikusikia ule mlio wa kukwaruza unaotoka kwenye lenzi ambazo grisi yake imeganda, kwa kuwa joto la koti halikuipa nafasi hiyo. Siwezi kusema kamera ingefanyaje kama ingening'inia nje usiku kucha, na simshauri mtu aijaribu: nyuzi 10 ndiyo mipaka iliyoandikwa, na mlima hauangalii maandishi.

Skrini ya TG-6 haiguswi, na kule nililiona hilo kuwa neema, kwani glavu nene haziwezi kutumia skrini ya kugusa. Lakini vitufe vyake ni vidogo. Kwa glavu za juu nilikuwa nikibonyeza viwili kwa pamoja, na kila mara ilinibidi nivue, nibaki na glavu nyembamba za ndani, nipige picha mbili tatu, nivae tena kabla vidole havijafa ganzi. Pumzi nayo inahitaji adabu. Pumzi ya mtu ina maji, na ukipumulia kioo chenye baridi ile hutapata ukungu wa kupangusa, utapata utando wa barafu unaokwaruza ukiusugua. Nilijifunza kuishusha kamera chini ya kidevu kwanza, kupumua pembeni, kisha kuinyanyua.

Jua lilipochomoza nyuma ya Mawenzi ndipo nilipoona kwamba watu wa pwani tunaijua theluji bila ya kuijua. Kipimo cha mwanga cha kamera yoyote kinadhani dunia ni ya kijivu, na kinapoona weupe mwingi hukimbilia kuupunguza, ndiyo maana barafu ya watu wengi kwenye picha inatoka chafu kama jivu la mkaa. Kosa hilo hilo nalipambana nalo kila sikukuu ya Idd, safu za wanaume wenye kanzu nyeupe zikijaa uwanjani, na kila mchana wa Jambiani maji yanapokupwa na kuacha mchanga mweupe hadi upeo wa macho. Dawa ni moja: ongeza mwangaza kwa hatua moja, pengine moja na nusu. Kwenye TG-6 hilo linafanywa kwa gurudumu dogo la juu, na ni kitu kimoja ambacho kidole chenye glavu kiliweza kukizungusha bila taabu. Mabaki ya barafu yaliyoko kushoto mwa njia ya kwenda kileleni yalitoka meupe yenye ubuluu wake, na mistari yake ikionekana. Wataalamu waliyapima na kukuta kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 barafu ya mlima huu ilipungua kwa asilimia 85. Nilisimama pale nikafikiria vitawi vya mwani vya bibi yule wa Pemba, vyeupe kwa sababu ya joto, na barafu hii inayotoweka kwa zama hizo hizo, zote mbili zimo kwenye kadi moja.

Betri ya kwanza ilizima njiani kati ya Gilman's Point na kilele. Niliibadilisha nikiwa nimeipa mgongo upepo, na ile iliyozima niliirudisha kifuani. Jioni, tulipofika Horombo, iliwaka tena ikiwa na chaji ya kutosha picha nyingi za chakula cha usiku na za wenzangu waliolala na viatu.

Kurudi ndiko kunakotaka subira kuliko kupanda. Hewa ya kileleni ina nusu tu ya mgandamizo wa hewa ya pwani, na ndiyo maana mifuko ya bisi tuliyotoka nayo Unguja ilivimba kama puto. Kamera isiyopitisha maji haipitishi hewa kwa wepesi pia. Ukiifunga juu, ndani yake inabaki hewa nyembamba, na ukishuka nayo hadi pwani hewa ya nje inakisukuma kifuniko kwa ndani. Siku ukikifungua, kitu cha kwanza kitakachovutwa ndani ni hewa iliyo karibu, pamoja na tone lolote lililokaa kwenye ukingo wa gasketi. Kwa hiyo nilikifungua Moshi, chumbani, kamera ikiwa kavu kabisa, nikakisikia kikipumua, nikaifunga tena ndani ya bakuli langu la silika jeli. Safari ya boti kutoka Dar es Salaam ilikuwa ya kiyoyozi mwanzo hadi mwisho. Wenzangu wawili walitoka na kamera zao sitahani kuipiga picha Ngome Kongwe ikinyanyuka mbele yetu, na vioo vikageuka vyeupe mikononi mwao. Yangu ilibaki ndani ya bakuli lililofungwa hadi nyumbani, ikakaa humo saa nzima mpaka joto lake likalingana na la chumba, ndipo nikaitoa. Jasho, kama lilikuwapo, lilitoka nje ya bakuli. Siku hizi hata harusini sifanyi vyengine: kamera ya kazi inaingia bakulini kabla sijatoka ukumbini, na inatoka humo baada ya nusu saa.

Dosari zake nitazisema waziwazi. Haina tundu la kuchungulia, na juani, iwe kwenye theluji au kwenye mchanga, skrini inasomeka kwa shida, mtu anakisia mpaka wa picha kuliko kuuona. Chaji yake ya kawaida inapitia waya unaoingia ubavuni mwa kamera, kwa hiyo kila kuchaji ni kufungua kifuniko, na kila kufungua kifuniko ni kuijaribu gasketi. Anayefanya kazi ya baharini anunue chaja ya pembeni siku ile ile anayonunua kamera. Megapikseli 12 zinatosha picha ya kuchapwa kwa ukubwa wa karatasi ya A4, na zaidi kidogo, lakini anayezoea kukata kipande cha picha na kukikuza hatakuwa na nafasi kubwa. Picha za usiku nimeshazisema. Kwa harusi haifai, na sijawahi kuifikiria kwa kazi hiyo.

Kwa mvuvi, kwa mkulima wa mwani, kwa mwongoza watalii wa Misali, kwa mwalimu wa skuli anayewapeleka wanafunzi kwenye mikoko, na kwa mtu wa visiwani atakayepanda Kilimanjaro mara moja maishani mwake, naipendekeza bila kusita, mradi bajeti yake iwe na nafasi ya betri mbili za ziada, gasketi mpya, na bakuli la kubana. Anayeishi na kiyoyozi na asiyefika majini ana sababu chache za kuinunua, na pesa zake zitamfaa zaidi kwenye kamera yenye sensa kubwa.

Yangu kwa sasa iko Pemba. Nilizibadilisha gasketi zake mwezi uliopita na kuizamisha usiku mzima ndani ya ndoo, tupu bila betri, ili kuijaribu kwanza. Asubuhi ndani mlikuwa makavu. Nimemwachia mjukuu wa yule bibi, msichana wa kidato cha tatu aliyejifunza kutumia hadubini yake kwa haraka kuliko mimi, na bamvua lijalo ataanza na kamba zilizo karibu na ukingo wa mwamba.